Kuomba hakufuti kuombana radhi: dhana potofu kuhusu imani ya Kikristo na ndoa inayodumu

Ndoa haidumu kwa sababu tu ilifungwa kanisani. Inadumu pale mambo yanayotamkwa Jumapili, yaani kuungama, kusamehe na kutimiza nadhiri, yanapofanyika nyumbani siku za kazi. Nyingi ya dhana zilizo hapa chini huwaumiza watu wanaompenda Mungu kweli, na ndiyo maana zinastahili kujibiwa kwa makini.

Dhana: "Tukiomba sana, ugomvi utakwisha wenyewe"

Kristo aliweka mpangilio mwingine. Katika Mathayo 5:23-24, aliyefika madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake anaambiwa aiache sadaka, akapatane kwanza, kisha arudi kuitoa. Petro naye anamwonya mume kwamba asipomheshimu mkewe, kuomba kwake kutazuiliwa (1 Petro 3:7). Wanandoa wanaofunga siku 3 kuombea amani, huku hakuna aliyesema "nimekukosea", wameanzia mwisho.

Hapa Afrika Mashariki tuna urithi mkubwa katika jambo hili. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika ulisisitiza "kutembea nuruni", kwa kufuata 1 Yohana 1:7. Waume waliungama kwa wake zao na wake kwa waume zao, katika jamii ambazo mwanamume kumwomba mkewe radhi kulihesabiwa kujishusha.

Kuungama kwa namna hiyo kunataka mambo manne. Taja tendo lenyewe: "Nilikuambia nimechelewa kazini, kumbe nilikuwa baa," si "kama nimekukwaza, nisamehe". Usifuatishe "lakini", kwa kuwa hapo toba inageuka mashtaka. Muulize mwenzako limemuumiza wapi, umsikilize mpaka amalize. Mwisho, rekebisha. Zakayo hakuishia kukiri. Aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Aliyekopa kwa siri akaomba msamaha bila kuonyesha anadaiwa na nani, kiasi gani na atalipaje, amemwachia mwenzake wasiwasi uleule.

Je, ni lazima yote yaishe usiku huohuo? "Jua lisichwe" (Waefeso 4:26) inakataza kulea uchungu, haiwalazimishi kubishana hadi saa 7 usiku mkiwa mmechoka. Semeni waziwazi kwamba mtaendelea kesho, taja saa, kisha mlale.

Sala ya pamoja nyumbani nayo haihitaji urefu. Dakika 10 hadi 15 zinatosha: zaburi fupi au mistari michache ya Injili, kila mmoja ashukuru kwa jambo moja ambalo mwenzake amefanya siku hiyo, halafu Baba Yetu. Mara nyingi inakufa kwa sababu ilianzishwa kwa saa nzima na haikuweza kubebwa hata wiki mbili, au kwa sababu mmoja ameigeuza mimbari. "Bwana, mguse mume wangu aache uchoyo," tena mbele ya watoto, ni kumsema mtu huku umefumba macho. Akisikia hivyo mara mbili tatu, atakuwa anachelewa kurudi mpaka sala iishe.

Dhana: "Ukishasamehe, mambo yanarudi kama zamani"

Kusamehe ni kuacha kulipiza kisasi. Kuaminiana tena ni kazi nyingine, na mzigo wake mkubwa unabebwa na aliyekosa: "zaeni matunda yapasayo toba" (Mathayo 3:8).

Chukua usaliti wa ndoa. Aliyetoka nje akate mawasiliano na mtu yule kabisa, na mwenzake ajue yamekatwa. Wote wawili wapime VVU na magonjwa mengine ya zinaa, kisha warudie kipimo cha VVU miezi 3 baada ya tukio la mwisho la hatari. Katikati ya hapo watumie kondomu au wasikutane kimwili. Kumwambia aliyesalitiwa "kwa nini tupime, si umeshasamehe?" ni kuutumia msamaha wake dhidi yake.

Na aliyesalitiwa ana sehemu yake. Upendo "hauhesabu mabaya" (1 Wakorintho 13:5), nalo kosa likichomolewa katika kila ugomvi, hata wa chumvi kuzidi kwenye mboga, nyumba haiponi. Tengeni siku moja ya wiki kulizungumza jambo hilo mpaka litakapopoa. Maswali yana haki ya kuulizwa, ila yawe na wakati wake.

Dhana: "Mume ni kichwa, hivyo anaamua peke yake"

Wengi wanaanza kusoma Waefeso 5 kwenye mstari wa 22. Mstari wa 21 unawataka waumini wote wanyenyekeane katika kicho cha Kristo, na kuanzia wa 25 mume anaagizwa apende kama Kristo alivyolipenda Kanisa "akajitoa kwa ajili yake". Ukichwa huo unapimwa kwa kinachotolewa.

Mahali pa kuupima ni kwenye fedha. Mwisho wa mwezi kaeni na karatasi moja: mapato yote ya wawili, madeni, ada, chakula, wazazi wa pande zote mbili, na zaka. Ndiyo, na zaka. Ahadi ya ujenzi wa kanisa iliyotolewa na mmoja kwa siri, hela ya kodi ikapelea, imevunja nyumba za waumini wengi ambao hawakuwa na ugomvi mwingine. Kubalianeni pia kiwango ambacho hakuna anayekivuka bila kumshauri mwenzake. Kuhusu nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mwanandoa kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake.

Dhana: "Aliye kanisani kila siku anaijenga ndoa yake"

Mikesha, kwaya, kamati na semina vikijaza juma zima, ndoa inabaki na mabaki ya muda. Paulo anaruhusu wanandoa kunyimana tendo la ndoa kwa ajili ya sala kwa masharti mawili, wawe wamepatana na iwe kwa muda, kisha "mkajiane tena", yaani wakutane tena kimwili (1 Wakorintho 7:5). Mfungo ambao mmoja ameuanza bila kumwambia mwenzake hauna hata sharti la kwanza.

Dhana: "Siri za ndoa hazitoki chumbani"

Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini mtungi ukivuja, anayejua peke yake hawezi kuuziba. Ndiyo maana makanisa yanataka wasimamizi wa ndoa. Kosa ni kuwachagua kwa kuangalia picha za harusi: vijana, wamependeza, wana gari. Tafuteni watu waliokaa kwenye ndoa miaka mingi, wenye kifua cha kutunza siri, wasioegemea upande mmoja. Kwa miaka 2 ya kwanza waoneni kila baada ya miezi 3, hata kama mko salama; anayewajua wakati wa amani atatambua haraka kilichoharibika.

Jumuiya ndogondogo ni mahali pa kuombeana na kutembeleana, si baraza la kufichua mambo ya chumbani. Fuateni Mathayo 18:15-16: kwanza ninyi wawili, kisha mtu mmoja au wawili.

Dhana: "Kuvumilia kipigo ni kubeba msalaba"

Hii ndiyo dhana inayoua. Msalaba wa Mkristo ni gharama ya kumfuata Kristo, na mtu anayempiga mwenzake anavunja nadhiri aliyoitamka mbele ya madhabahu. Kanisa Katoliki, ambalo halikubali talaka, linasema katika Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, kwamba anayemsababishia mwenzake au watoto hatari kubwa ya roho au mwili anampa sababu halali ya kuondoka. Kuchelewa kukiwa na hatari, anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, nayo haimpi mwanandoa yeyote haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Aliyeumizwa apate kwanza mahali salama, achukue PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na atibiwe. Akiwa na hali mbaya aanze na hospitali. Kama amelazimishwa tendo la ndoa, afike kituo cha afya ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia VVU ziweze kusaidia.

Mchungaji au padri asiwaweke wawili hao chumba kimoja kwa ushauri wa kwanza, kwa kuwa aliyepigwa hatasema ukweli mbele ya anayemwogopa. Awasikilize kila mmoja peke yake. Asiharakishe kumrudisha aliyepigwa kwa sababu mpigaji amelia madhabahuni. Aangalie kama mpigaji amekiri bila kulaumu, kama ameacha pombe ikiwa ndiyo chanzo, na kama anakubali kufuatiliwa na watu wengine kwa miezi kadhaa. Wakiwa wametengana, kanuni ya 1154 inataka matunzo na elimu ya watoto viwe vimehakikishwa, kwa hiyo ada, chakula na matibabu viandikwe na kusainiwa mapema, mbele ya kiongozi wa kanisa au afisa ustawi wa jamii.