Allidina Visram kabla ya Mombasa: duka la Bagamoyo na urithi wake

Watu wengi wa Mombasa humjua mfanyabiashara Allidina Visram kwa shule ya sekondari yenye jina lake na kwa sanamu yake iliyoko Treasury Square, na kwa sababu hiyo humdhania kuwa mtu wa Mombasa tangu mwanzo. Mimi ninayeshughulika na historia ya biashara ya pwani sioni namna ya kuyaelewa maisha yake pasipo kuanzia Bagamoyo, kwa kuwa karibu kila alichokifanya baadaye huko bara alijifunza katika mji ule mdogo wa misafara.

Alizaliwa Kera, katika nchi ya Kachi huko India, mwaka 1851, akavuka bahari mwaka 1863 akiwa bado mtoto asiye na mtaji wowote. Aliajiriwa Bagamoyo na Sewa Haji Paroo, mwenzake katika madhehebu ya Shia Ismailia, aliyeendeleza duka lililoanzishwa na baba yake Sewa Haji, na ambaye jina lake wakazi wa Dar es Salaam hulitaja hadi leo wanapokwenda kumwona mgonjwa katika wodi ya Sewahaji pale Muhimbili.

Duka la Bagamoyo wakati huo lilikuwa zaidi ya mahali pa kununulia sukari na chumvi. Msafara ulipojiandaa kwenda Tabora au Ujiji, mwenye duka ndiye aliyetafuta wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na ndiye aliyetoa vitambaa vya amerikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Vitambaa vilikunjwa, vikafungwa kwa kamba na kukazwa mpaka vikawa mzigo mmoja wa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, ambao mtu mmoja aliubeba begani kwa miezi. Bidhaa hizo mwenye duka mwenyewe alizichukua Unguja kwa mali kauli, yaani kwa mkopo wa kulipa baadaye, akawakabidhi wenye misafara kwa mali kauli vilevile, kisha akangoja pembe za ndovu zirudi ndipo deni lilipwe. Msafara ukiporwa njiani au maradhi yakiwamaliza wapagazi, hasara ilimfuata hadi dukani, na ndiyo maana ninaamini kwamba ujuzi wa kumpima mtu kabla ya kumkopesha ulikuwa na thamani kuliko mtaji.

Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina alikuwa tayari na biashara yake mwenyewe, na ndiye aliyechukua nafasi ya mkubwa wake katika njia za bara. Wakati huohuo Waingereza walikuwa wakijenga reli kutoka Mombasa, ambayo ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901. Aliifuata reli hiyo kwa maduka, akaingia Kisumu, Jinja na Kampala, na katika miaka michache matawi yake yalizidi 30. Vijana walioletwa kutoka India walianza kwake kama yeye alivyoanza kwa Sewa Haji: walilala dukani, wakala chakula cha tajiri, wakajifunza kuandika daftari, na waliodhihirisha uaminifu walipewa bidhaa kwa mkopo ili wafungue maduka yao. Maduka mengi ya Uganda yalitokana na mikopo ya namna hiyo. Baadaye aliingia pia katika uchambuaji wa pamba.

Alifariki Kampala mwaka 1916. Mwanawe, Abdulrasul, alirithi biashara na akaijenga ile shule ya Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake, lakini naye alifariki mwaka 1923, na kampuni haikudumu baada yake. Kwa maoni yangu kifo cha mwana peke yake hakitoshi kueleza anguko hilo. Mtandao mpana kiasi kile ulitegemea mzee mmoja aliyewajua wadeni wake mmoja mmoja, na maarifa hayo hayakuwemo katika daftari lolote ambalo mrithi angeweza kulifungua na kulisoma. Wale waliowahi kukopeshwa naye walikuwa wamekwisha kujitegemea, na ni wao walioendelea kufungua milango ya maduka asubuhi katika miji ya Uganda.