Pathosi: kicheko kinapokwama kooni

Pathosi ni neno la Kiyunani. Aristotle alilitumia kueleza jinsi msemaji anavyozigusa hisia za wanaomsikiliza, iwe hasira, hofu au huruma. Siku hizi, kwenye uigizaji, maana yake imebana zaidi: ni huruma yenye simanzi inayomwingia mtazamaji bila mtu kumwambia ahuzunike. Waliosoma fasihi wasiichanganye na tanzia-ramsa. Ile ni aina ya tamthilia, ambamo msiba na mzaha huandamana mwanzo hadi mwisho. Pathosi ni hisia, na inaweza kudumu dakika moja tu katikati ya kichekesho, kisha mtu akateleza na watu wakaangua kicheko tena.

Mahali pazuri pa kuiona ni sitkomu za zamani za Uingereza, vile vichekesho vya nusu saa vyenye watu walewale na nyumba ileile kila wiki. Sitkomu ina sharti moja gumu: hakuna anayetoka. Mhusika akitajirika au akahama, hadithi imekwisha. Kwa hiyo kila mpango wake lazima ugonge mwamba, nasi tucheke. Ila kwa mhusika mwenyewe hicho ni kifungo, na mwigizaji hodari hakisahau hata anapotuchekesha.

Chukua Steptoe and Son, iliyoanza BBC mwaka 1962. Baba na mwanawe wanaishi Shepherd's Bush, London, wakizunguka mitaani na mkokoteni wa farasi kukusanya vyuma chakavu na makorokoro. Mzee Albert ni mchafu, mjanja, na hataki kubaki peke yake. Harold, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, anajiona msomi aliyekosa bahati. Waandishi, Ray Galton na Alan Simpson, walikuwa wametoka kumwandikia mchekeshaji Tony Hancock. Safari hii waliwataka waigizaji hasa, si wachekeshaji. Wakampata Harry H. Corbett, mtu wa jukwaa la tamthilia nzito, na Wilfrid Brambell, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka hamsini lakini ukimtazama unaapa ni kikongwe. Waigizaji hao wa mwana na baba walipishana miaka 13 tu.

Katika kipindi cha kwanza kabisa Harold anaamua kuondoka. Anapakia vitu vyake kwenye mkokoteni. Mzee anamnyima farasi. Basi Harold anaushika mwenyewe, anavuta, anasukuma, mkokoteni hausogei. Hadi hapo ni kichekesho cha kawaida: mtu mzima akishindana na gari la mbao. Lakini Corbett haigizi mtu anayechekesha. Anaigiza mtu anayetaka kuondoka kwa dhati. Anaendelea kusukuma mpaka kilio kinamtoka. Mzee anamwongoza taratibu kurudi ndani, kwenye chai. Umeshacheka kitambo, sasa hujui uso wako uuweke wapi. Kilichokuchekesha na kilichokuumiza ni kitu kimoja, mkokoteni uleule, na hapo ndipo pathosi hutofautiana na machozi ya kulazimisha, yale ya kinanda kuanza kulia ili ujue sasa ni zamu ya kuhuzunika.

Wakati mwingine msiba huwa wa kweli. Lennard Pearce, aliyekuwa Babu katika sitkomu nyingine, Only Fools and Horses, alifariki Desemba 1984, mfululizo ukiendelea kutengenezwa. Mwandishi John Sullivan hakumsafirisha Babu kimyakimya, alimwandikia mazishi. Wajukuu zake, Del na mdogo wake Rodney, wanazika pamoja naye kofia wanayodhani ni ya Babu, kisha kasisi anaanza kuulizia kofia yake. Kicheko hicho, juu ya kaburi, kinafungua mlango. Baadaye Rodney anamkasirikia kaka yake kwa kuchekacheka na wageni kana kwamba ameshasahau. Del, mtu wa maneno mengi na biashara za mkato, anamjibu kwamba hajaanza hata kuomboleza, maana hajui kunaanzaje. David Jason, anayemwigiza Del, hapandishi sauti kuomba huruma. Utani wa Del tulioucheka kwa miaka minne unageuka kuwa ngao, nasi tunaona kilichofichwa nyuma yake.

Blackadder Goes Forth ya 1989 ilifanya hivyo kwa mkato zaidi. Kapteni Blackadder, kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, anatumia vipindi sita kutafuta hila ya kukwepa amri ya kushambulia. Zote zinashindikana. Rowan Atkinson, anayemwigiza Blackadder na ambaye sura yake pekee huchekesha, anaituliza kabisa. Baldrick, askari wake, anasema ana mpango. Anaambiwa itabidi usubiri. Blackadder anawatakia wote kila la heri, kipenga kinapulizwa, wanapanda kutoka handakini. Picha za shambulio lenyewe hazikutoka vizuri, wahariri wakazipunguza mwendo. Uwanja wa vita unafifia taratibu, na mahali pake panabaki shamba la mipopi, yale maua mekundu ambayo Waingereza huvaa kila Novemba kuwakumbuka waliouawa.