Nasaba na nasaha: kazi ya kumfundisha mshauri wa vinasaba

Ukitaja vinasaba ndani ya daladala hapa Dodoma, wengi watawaza jambo moja: baba ana shaka na mtoto, sampuli ziende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini lugha yetu ina nafasi pana zaidi. Nasaba ni ukoo mtu anakotoka, nasaha ni ushauri anaopewa na anayemtakia heri. Mshauri wa vinasaba anayabeba yote mawili. Anakaa na familia yenye ugonjwa wa kurithi, anaieleza ugonjwa ulivyoingia, uwezekano wa kurudi kwa mtoto mwingine na njia zilizopo, kisha uamuzi anawaachia wenyewe. Kazi yangu ni kuwafundisha watu wa namna hiyo, na natamani wauguzi na maafisa tabibu wengi zaidi waifikirie.

Fani yenyewe ni changa. Sheldon Reed wa Minnesota, Marekani, aliipa jina mwaka 1947. Mwaka 1969 Melissa Richter akaanzisha mafunzo ya kwanza ya shahada ya uzamili katika chuo cha Sarah Lawrence, New York, na wahitimu wa mwanzo wakatoka 1971. Kwa Afrika, Afrika Kusini ndiyo yenye mafunzo ya muda mrefu. Huko Marekani mwanafunzi hahitimu kabla ya kushiriki visa visivyopungua 50 vya watu halisi, akisimamiwa na mshauri mzoefu. Msimamizi huyo ndiye ninayemzungumzia leo, maana bila yeye darasa linabaki vitabu.

Kwetu somo la kwanza ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi huuita sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo, na inakadiriwa kuwa watu 13 hadi 20 katika kila 100 wamebeba kinasaba chake kimoja, hali inayoandikwa AS. Mtu wa AS kwa kawaida hana dalili zozote, anaweza kulima Kongwa hadi uzeeni bila kujua. Wawili wa AS wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto wa SS, yaani mgonjwa.

Hiyo "moja kati ya nne" ndiyo inayowaangusha wanafunzi wangu. Mmoja alimwambia mama, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba kwa kuwa wa kwanza ameshaumwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Alitaka kufariji. Tangu siku hiyo natembea na mtama na mifuko miwili midogo: kwa baba punje nyeupe moja na nyekundu moja, nyekundu ikiwa kinasaba cha selimundu, kwa mama vivyo hivyo. Kila mzazi anafumba macho na kutoa punje moja. Zikikutana nyekundu mbili, huyo ni SS. Kisha, na hapa nasisitiza kila mara, kila punje inarudi kwenye mfuko wake kabla ya kuchota tena. Mimba haikumbuki mimba iliyotangulia. Mwanafunzi akiweza kumwonyesha hivyo bibi ambaye hakusoma, naye bibi akalieleza upya kwa maneno yake, hapo najua amefundishika.

Sehemu ngumu zaidi ni kuchora mti wa ukoo. Vitabu vinasema andika kaka na dada, mraba kwa mwanamume na duara kwa mwanamke, basi. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni kaka, mtoto wa mama mkubwa ni dada, na hakuna anayekudanganya akisema hivyo. Kwa hiyo nawafundisha kusalimia vizuri kwanza, "mbukwenyi" kwa wazee wa Kigogo, kisha kuuliza taratibu: "Huyu mmezaliwa baba mmoja, mama mmoja?" Jibu lina uzito. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, watoto wenye selimundu, na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana uwezekano wa moja kati ya nne wa kulingana kikamilifu na mgonjwa ili amtolee uloto huo. Binamu anayeitwa kaka kwa kawaida hana nafasi hiyo. Familia iliyoandikwa vibaya inapewa tumaini lisilokuwepo.

Halafu kuna lawama. Mtoto mwenye ualbino anazaliwa, na baba anaondoka akidai mke ameleta mkosi. Ukweli ni kwamba kwa kawaida wazazi wote wawili wamechangia, kila mmoja kinasaba kimoja, bila kosa la yeyote. Mwanafunzi lazima ajifunze kulisema hilo mbele ya mama mkwe bila kumdhalilisha mtu.

Wakati mwingine mtoto ni SS na kipimo cha baba kinaonyesha AA, yaani hana kinasaba cha selimundu hata kimoja. Mwanafunzi mwepesi wa ulimi anaweza kuvunja ndoa kwa sentensi moja. Ninachofundisha ni hiki: rudia kipimo kwanza, kwa sababu makosa ya maabara yapo, tena yapo maelezo mengine ya nadra. Kabla hata ya kutoa damu, kubaliana na kila mzazi, peke yake, nini angependa kuambiwa. Jibu lisisomwe kwa pamoja eti kwa kuokoa muda.

Anayetaka kuwa mkufunzi hawezi kuruka hatua ya kuwahudumia wagonjwa. Akae kliniki miaka kadhaa, ndipo ajifunze ustadi mwingine: kukaa nyuma ya mwanafunzi na kunyamaza. Mara nyingi mama huuliza, "Mwanangu, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Mwanafunzi hunigeukia. Mimi naangalia daftari langu. Baada ya kikao ndipo tunazungumza kwa nini hakupaswa kujibu kwa nafsi yake, na ni swali gani angemrudishia mama badala yake.

Waliopitia ushauri nasaha wa VVU wana msingi mzuri wa usiri na usikivu. Kama uko zahanati ya Bahi au Mpwapwa na unaona mtoto wa pili wa nyumba moja akivimba vidole na kupungukiwa damu, anza leo: chukua karatasi, chora vizazi vitatu vya familia hiyo, na uje nayo kwa anayefundisha fani hii.