Kugombea kiti cha bodi ya shule Marekani: maana yake na utaratibu wake

Shule za umma za Marekani haziendeshwi na serikali kuu ya Washington. Kazi hiyo imegawanywa kwa wilaya za shule takriban 13,000, na nyingi husimamiwa na bodi ya watu watano, saba au tisa. Kugombea kiti cha bodi ya shule ni kuomba kura za wakazi wa wilaya hiyo ili uingie katika kikundi hicho, mara nyingi kwa kipindi cha miaka minne. Si kila mahali hupigwa kura, lakini. Hawaii nzima ni wilaya moja ambayo bodi yake huteuliwa na gavana, na Chicago ilianza kuchagua sehemu ya wajumbe wake Novemba 2024 tu.

Bodi huajiri mkurugenzi wa wilaya, hupitisha bajeti na sera, na huidhinisha mikataba, ukiwamo wa walimu. Mjumbe akiwa peke yake hana amri yoyote: hawezi kumwagiza mwalimu mkuu wala kumfukuza kocha. Anayepita nyumba kwa nyumba akiahidi kumwondoa mwalimu fulani anauza kitu asichokuwa nacho. Malipo nayo ni haba au hayapo kabisa. Texas, kwa mfano, wajumbe hutumikia bure.

Sifa zenyewe ni nyepesi. Kwa kawaida uwe raia mwenye miaka 18 au zaidi, uwe kwenye daftari la wapiga kura, na uwe mkazi wa wilaya kwa muda uliotajwa na sheria ya jimbo. Kuwa na mtoto shuleni si sharti. Kinachowaangusha watu ni anwani, kwa sababu mara nyingi mipaka ya wilaya ya shule haifuati mipaka ya mji wala msimbo wa posta, na majirani wanaotazamana barabarani wanaweza kuwa wa wilaya mbili. Tena kuna viti vinavyogombewa na wilaya nzima na vingine vya eneo dogo ndani yake, na mistari ya maeneo hayo huchorwa upya baada ya sensa. Iulize ofisi ya uchaguzi ya kaunti kabla ya kuchukua fomu, na jibu lake ulipate kwa maandishi.

Tarehe hutofautiana jimbo kwa jimbo. California, dirisha la kurudisha fomu hufunguliwa siku 113 kabla ya uchaguzi na kufungwa siku ya 88. Mjumbe aliyeko kitini asiporudisha fomu, wagombea wengine huongezewa siku tano, kwa hiyo usiondoe macho kwenye orodha siku ya mwisho. Katika wilaya nyingi za jimbo la New York nje ya miji, ombi la kugombea huwa na saini za wapiga kura 25 au asilimia 2 ya waliopiga kura mwaka uliotangulia, idadi iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Hukabidhiwa kwa karani wa wilaya siku 30 kabla ya kura, mwisho saa kumi na moja jioni. Virginia huhitaji saini 125 katika kaunti na miji mingi. Pennsylvania ni 10 tu, na mgombea anaruhusiwa kuomba uteuzi wa vyama vyote viwili vikubwa kwa wakati mmoja, ingawa kwingi Marekani karatasi ya kura ya bodi haina chama.

Saini ndizo huwaengua watu. Hukataliwa kwa sababu aliyetia saini si mpiga kura aliyejiandikisha, anaishi nje ya wilaya, ametia saini mara mbili, ameandika anwani ya zamani au ameacha tarehe wazi. Mpinzani akiweka pingamizi, kila mstari huchunguzwa. Kusanya mara moja na nusu ya idadi inayotakiwa, ikiwezekana mara mbili, na wakague watu kwenye daftari la wapiga kura kabla ya kubisha hodi. Karatasi ikihitaji kiapo cha mkusanyaji na kiapo hicho kikasahauliwa, ukurasa mzima unaweza kutupwa, hata kama kila saini ni halali.

Fedha zina makaratasi yake. Texas huruhusiwi kupokea mchango wala kutumia hata dola moja kabla ya kusajili mweka hazina wa kampeni. Unaweza kujiteua mwenyewe. Mabango yaliyochapishwa kabla ya fomu hiyo ni kosa tayari.

Katika kampeni, usiguse mali ya shule: barua pepe ya wilaya, mashine ya kunakili, orodha ya wazazi. Vyama vingi vya wazazi na walimu vimesajiliwa kama mashirika ya hisani, kwa hiyo haviruhusiwi kumuunga mkono mgombea. Vinaweza kuandaa mdahalo mradi wagombea wote wakaribishwe kwa usawa. Kura ikipigwa mbali na uchaguzi mkuu, wanaojitokeza huwa wachache na tofauti ya kura kadhaa huamua, ndiyo maana kugonga milango hulipa kuliko matangazo.

Mfanyakazi wa wilaya yenyewe atazame kalenda mapema. California anaweza kugombea, lakini haapishwi mpaka ajiuzulu. Akiapishwa kabla ya hapo, ajira yake hukoma papo hapo.