Dawa zilikuwa kabatini muda wote

Kazi yangu ni kutafiti namna hospitali zinavyofanya kazi. Nikisema hivyo wengi hudhani ninajaribu dawa mpya. Sivyo. Swali langu ni hili: tiba imeshathibitika, ipo hospitalini, mbona haimfikii mgonjwa kwa wakati?

Chukua kuvuja damu baada ya kujifungua. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, inatumika miaka mingi. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, ilithibitika mwaka 2017, katika jaribio la wanawake zaidi ya 20,000. Kukanda mfuko wa uzazi na kuweka dripu, hakuna mkunga asiyejua. Na bado kina mama waliendelea kufa.

Ninapofundisha, humwaga maji mekundu juu ya shuka na pamba, kisha nawaomba wakunga wakadirie kiasi. Wenye uzoefu wa miaka ishirini hukadiria pungufu, tena pungufu sana. Si uzembe, maana damu iliyonywewa na kitambaa haipimiki kwa macho. Basi mkunga husubiri kidogo, aone kama itakata. Anatoa dawa ya kwanza, anasubiri tena. Dakika zinakwenda.

Jaribio la E-MOTIVE lilianzia hapo hapo. Hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania ziligawanywa kwa kura: upande mmoja ukaendelea na huduma ya kawaida, upande wa pili ukabadili mpangilio wa kazi. Chini ya mama iliwekwa plastiki yenye mfuko unaokinga damu, nao una mistari ya vipimo. Damu ikifika mililita 500, hakuna kujadiliana. Tiba zote zinatolewa kwa mkupuo, bila moja kuisubiri nyingine. Hakukuwa na dawa mpya hata moja. Matokeo yalitoka mwaka 2023: hospitali za plastiki ziligundua asilimia 93 ya waliovuja damu, zile nyingine asilimia 51. Madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa kuvuja damu, yalikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3. Kila nikizisoma takwimu hizi nawakumbuka kina mama ambao sisi tuliwakosa.

Lakini kubadili mpangilio nako kuna mitego. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kuhakiki usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Mwaka 2009 iliripotiwa kuwa vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Baadaye jimbo la Ontario, Kanada, likaitaka kila hospitali iitumie. Utafiti wa hospitali 101, uliochapishwa mwaka 2014, ukakuta vifo vimetoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ambayo bahati tu ingeweza kuileta. Wapo wanaosema orodha haifai. Mimi nadhani ilijazwa bila kusomwa. Nimesimama chumba cha upasuaji nikaona alama za vema zikiwekwa zote kwa mpigo, mgonjwa akiwa bado hajaingia.

Ndiyo maana siku hizi nikiitwa hospitalini siombi kwanza takwimu za mwaka. Naomba kukaa zamu ya usiku na saa ya kuhesabu sekunde, nipime muda tangu mkunga aite msaada hadi dawa iingie mshipani. Usiku mmoja zilipita dakika kumi na nne. Dawa zilikuwa hatua sita kutoka kitandani, ndani ya kabati lililofungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa muuguzi aliyeitwa wodi nyingine. Mama yule alipona, namshukuru Mungu.

Uongozi ulitaka kuhamishia dawa hizo kwenye toroli la dharura wodi zote, wiki ile ile. Niliwasihi waanze na wodi chache zilizochaguliwa kwa kura, zilizobaki zifuate baada ya miezi mitatu. Tukihamisha kote kwa pamoja kisha muda ukapungua, hatutajua kama ni toroli, ni wakunga wapya walioajiriwa mwezi huo, au ni mimi niliyesimama pale na saa mkononi. Wamekubali. Wodi za kwanza zinaanza Jumatatu.