Xiuhcoatl: nyoka wa moto aliyekuwa silaha

Xiuhcoatl (tamka "shiu-ko-atl") ni nyoka wa moto katika imani za Waazteki, watu waliotawala bonde la Meksiko kutoka mji wao wa Tenochtitlan mpaka ulipoangushwa na Wahispania na washirika wao wenyeji mwaka 1521. Ni kiumbe, na ni silaha pia. Ukimwona kwenye jiwe ni nyoka mwenye pua ndefu iliyojikunja kurudi nyuma. Ukimwona mkononi mwa mungu Huitzilopochtli, ni kitu cha kuulia.

Kisa chenyewe kinaanzia mlima Coatepec. Coatlicue, mama wa miungu, alikuwa akifagia hekalu pale lilipoanguka furushi la manyoya. Akalisunda kiunoni, akapata mimba. Binti yake Coyolxauhqui aliona mama amewaaibisha, akawachochea ndugu zake mia nne wapande mlimani wakamuue. Walipofika, Huitzilopochtli akazaliwa papo hapo, mtu mzima na ngao mkononi. Kwa xiuhcoatl akamkata dada yake kichwa, na mwili ukabingirika mlimani ukikatika vipande vipande. Wale mia nne akawafukuza na kuwamaliza, wachache tu wakanusurika.

Februari 1978, wafanyakazi wa umeme waliokuwa wakichimba katikati ya Mexico City, jiji lililojengwa juu ya Tenochtitlan, waligonga jiwe la mviringo lenye upana wa zaidi ya mita 3. Limechongwa Coyolxauhqui, kichwa mbali, mikono na miguu mbali. Lilikuwa limelazwa chini ya ngazi za Hekalu Kuu, upande wa Huitzilopochtli. Kwa hiyo hekalu lile lilikuwa Coatepec ya kujengwa kwa mikono, na mateka waliotolewa kafara juu yake walisukumwa ngazini, wakianguka kama alivyoanguka yeye.

Sasa, nyoka anashikwaje kama silaha? Katika michoro mingi Huitzilopochtli anamshika kama atlatl, kifaa cha kurushia mikuki. Atlatl ni kipande cha mti chenye ndoana ndogo mwishoni. Kitako cha mkuki mwembamba hukaa kwenye ndoana, na mrushaji anapofyatua mkono ni kana kwamba mkono umeongezwa urefu, basi mkuki huondoka kwa kasi ambayo kiganja kitupu hakiwezi kuutia. Wawindaji na askari wa Amerika ya Kati waliitumia atlatl muda mrefu kabla ya upinde kuenea huko. Atlatl chache zilizochongwa na kupakwa dhahabu zimesalia, mojawapo ikiwa British Museum, London. Kwa nakshi ile, sidhani kama zilitengenezwa kwa ajili ya kuwindia bata.

Silaha iliyowatia Wahispania hofu zaidi ilikuwa nyingine: macuahuitl, rungu bapa lililopachikwa vipande vya obsidiani kila upande. Obsidiani ni kioo cha volkano, jiwe jeusi kama linalopatikana karibu na Ziwa Naivasha. Makali yake hupita ya chuma, ila huvunjika upesi. Macuahuitl halisi ya mwisho iliyojulikana iliteketea kwa moto mjini Madrid mwaka 1884. Rungu lenyewe halina kisa kikubwa kama cha Coatepec. Uzito wake wa kiimani ulikuwa kwenye jiwe, maana obsidiani ilikuwa mali ya Tezcatlipoca, mungu wa kioo kinachofuka moshi.

Kwamba xiuhcoatl haikuwa hadithi tu ya kusimuliwa jioni, ushahidi wake uko katika simulizi za wazee wa Kinahua, yaani wenyeji wenye lugha ya Waazteki, alizokusanya mtawa Mhispania Bernardino de Sahagún. Wanaeleza kwamba siku za mwisho za kuzingirwa, wakati ndui na njaa vimekwisha kuumaliza mji, mtawala Cuauhtemoc alimvika shujaa Tlapaltecatl Opochtzin vazi la bundi la manyoya ya ndege aitwaye quetzal, lililokuwa la Ahuitzotl, baba yake Cuauhtemoc. Opochtzin akakabidhiwa mkuki wa Huitzilopochtli wenye ncha ya jiwe. Aliagizwa aurushe kwa maadui, kwa kuwa huo ndio xiuhcoatl. Akapanda juu ya paa, manyoya yakitanuka, na maadui wakashtuka kweli. Akaruka chini, na mateka wakakamatwa. Mapigano yakasimama siku ile. Tarehe 13 Agosti 1521 Cuauhtemoc alikamatwa.