Basbusa Ngumu Haiponi kwa Shira

Ramadhani ikishafika kumi la kati, simu yangu huanza kulia baada ya Alasiri, na swali huwa ni lile lile: "Bi, basbusa yangu imetoka ngumu, niongeze shira kiasi gani?" Mwaka huu nimelisikia kwa wateja, kwa wanafunzi wangu, hata kwa jamaa waliokula basbusa yangu, kile kitamtamu bapa cha semolina kinachonyweshwa shira ya sukari, miaka nenda miaka rudi. Nimechoka kulijibu kwa simu huku mikono imejaa samli.

Haiongezwi hata kijiko. Basbusa iliyotoka ngumu haiponi kwa shira, kwa sababu ugumu wake haukutokana na shira. Ulianzia kwenye bakuli, sinia likiwa bado halijaona moto.

Juzi mwanafunzi mmoja aliniletea kipande amekifunga kwenye karatasi. Sinia lake lilikuwa la nusu kilo ya semolina, na alikuwa ameshalimwagia shira ya kilo nzima ya sukari, kwa awamu tatu. Nikakikata katikati kwa kisu tukakitazama pamoja. Juu kinang'aa na kunata vidoleni. Chini kimelowa hadi kimekuwa uji. Katikati pana ukanda mweupe, mkavu, umebanana kama mkate wa juzi. Shira yote ilikuwa imeteremka kwenye mistari ya kisu na pembeni mwa sinia, ikajikusanya chini, na ule ukanda wa katikati haikuugusa. Nikamuuliza alichanganya vipi. "Niliipiga kwa mashine dakika kumi, Bi, mpaka ikawa laini kabisa."

Basi ni hapo hapo.

Semolina ni ngano ngumu iliyovunjwa chengachenga, ngano ile ile inayotengenezewa tambi na makaroni. Ina protini nyingi. Ukiitia maji, maziwa au mtindi kisha ukaipiga, zile protini hushikana zikafanya gluteni, utando unaovutika kama mpira. Fundi wa makaroni anautaka utando huo ili makaroni yake yasivurugike kwenye maji yanayochemka. Wewe huutaki. Ukishajengeka, unazifunga chembe zote pamoja, na ukiingia kwenye joto unakauka hivyo hivyo. Shira inakuja kukuta ukuta. Hata ukimimina debe zima, itatafuta ufa ipite ishuke chini.

Jina la chakula chenyewe limeshasema inavyotengenezwa. Kwa Kiarabu, bassa ni kuchanganya unga au nafaka iliyosagwa na samli au mafuta, na basisa ni chakula cha zamani cha unga uliochanganywa hivyo. Basbusa imetokana na neno hilo. Kwa hiyo kazi yake ni kufikicha. Neno la kupiga halimo, na anayekwambia uipige kama keki hajui anachofundisha.

Mimi nilifunzwa na mama mmoja wa Kimisri aliyekuwa jirani yangu nilipokuwa nikikaa Maskati. Mara ya kwanza niliposhika mwiko, aliuchukua akauweka kando. Aliniambia nitumie ncha za vidole. Tuliweka semolina kavu na sukari kwenye sinia pana, tukamimina samli iliyoyeyuka, ya vuguvugu, kisha tukafikicha polepole mpaka kila chembe ikavaa samli. Hii ndiyo kazi ya maana kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Samli ikishaizunguka chembe, mtindi ukija hauwezi kuilowesha kwa pupa, gluteni haipati nafasi ya kushikana, na chembe zinabaki zimeachana kidogo. Kwenye hizo nafasi ndogo ndogo ndimo shira itakamopita baadaye.

Utajuaje kama imetosha? Chukua kiasi ufumbate. Ikishikana kwenye kiganja, kisha ukiigusa kwa kidole ikamomonyoka kama mchanga wa ufukweni maji yakishakupwa, hapo imeiva. Ikiwa bado inatiririka kavu kati ya vidole, endelea. Kwa nusu kilo ya semolina ya chenga kubwa mimi hutia gramu 200 za sukari na gramu 180 za samli, wala sizipunguzi kwa ajili ya mtu anayeogopa mafuta. Anayeogopa mafuta ale kipande kidogo.

Baada ya hapo, changanya kijiko kimoja cha chai cha beking pauda ndani ya kikombe kimoja cha mtindi, umimine juu, uzungushe kwa mkono au mwiko wa mti mpaka usione tena pakavu. Mizunguko kumi, kumi na tano, inatosha. Mchanganyiko utaonekana mzito na wa chengachenga, na mkono utakuwasha kutaka kuulainisha. Usiulainishe! Umimine kwenye sinia, usawazishe juu kwa kiganja kilicholowa, basi.

Watu wengine hunijia na hoja kwamba Waarabu wa Sham, wale wa Lebanoni na Palestina, huacha mchanganyiko wao saa kadhaa kabla ya kuuoka, kwa hiyo gluteni isingekuwa tatizo. Ni kweli, huuacha, tena wengine usiku kucha. Lakini wanauacha umetulia siniani. Chembe zao ni kubwa, zimeshafikichwa kwa samli, na muda ule ni wa kuzifanya zinywe unyevu taratibu. Gluteni hujengwa zaidi na mkono unaosukasuka. Kupumzisha na kupiga ni mambo mawili mbalimbali, na yule aliyepiga dakika kumi hawezi kujificha nyuma ya yule aliyepumzisha saa kumi.

Na ikishakuwa ngumu? Usiimwagie kitu. Ifikiche yote, uitie kwenye maziwa ya moto yenye iliki, uifunike mpaka yanywewe, kisha upake malai juu. Utapata kitamtamu kizuri cha kula kwa kijiko, na wageni watakisifu. Ila usikiite basbusa.

Sasa yale mengine, ambayo nayo yanarudi kila mwaka.

"Bila mayai haishikani." Inashikana. Basbusa ya asili ya Kimisri haina yai hata moja. Kinachoishika ni semolina yenyewe ikishavimba, na shira. Wanaotia mayai ni Waturuki kwenye revani yao, ambayo hupigwa kwa mayai ikainuka kama sponji, nayo ni tamu kwa namna yake. Lakini mtu akichukua maelezo ya revani nusu na ya basbusa nusu, hapati hii wala ile.

"Ikijaa vizuri ndiyo imefanikiwa." Hapana. Basbusa nzuri ni bapa, kimo cha vidole viwili hivi. Beking pauda ni kidogo tu, ya kuifungua. Ukizidisha, itainuka juu kwa fahari halafu ikae katikati kama sahani, na ndani utakuta mashimo. Ukitia magadi mengi badala yake, utaonja sabuni.

Shira yenyewe ina dhana zake, na hapa watu wa pwani tunaponzwa na kaimati. Tumezoea shira nzito ya kaimati, inayovutika uzi, kwa sababu kazi yake ni kuivika kaimati koti la nje. Shira ya basbusa kazi yake ni kuingia ndani, kwa hiyo lazima iwe nyepesi. Gramu 400 za sukari kwa kikombe kimoja na nusu cha maji, ichemke dakika saba au nane tangu ianze kutokota, uzime. Ukiona inavuta uzi, umeshapitiliza, ongeza maji.

Ndimu ndani ya shira si ya ladha peke yake. Wengi huiacha wakisema hawapendi uchachu, kisha siku ya pili wanalalamika kwamba basbusa imeota punje za sukari juu. Asidi ya ndimu ikichemka pamoja na sukari huivunja sehemu yake ikawa glukosi na fruktosi, na hizo huzuia sukari iliyobaki isigande tena. Nusu ndimu inatosha, wala hutausikia uchachu wake. Itie maji yakishachemka, na tangu hapo usikoroge. Maji ya waridi tia mwisho kabisa moto ukiwa umezimwa, la sivyo harufu yote inaondoka na mvuke, umebaki na chupa tupu.

Kuhusu moto kwa moto au moto kwa baridi, watu hugombana kila siku. Mimi basbusa huitoa jikoni ikiwa inafoka, nikapitisha kisu kwenye mistari yake mpaka chini, nikaimwagia shira ya vuguvugu, kijiko kwa kijiko, nikianzia pembeni. Vyote viwili vikiwa vya moto sana, basbusa hulegea ikavunjika ukiichukua. Vyote vikiwa baridi, shira inakaa juu kama dimbwi. Kosa baya zaidi ni kukata kwa mara ya kwanza baada ya shira, maana mistari ndiyo mifereji yake. Chora kabla ya kuoka, weka lozi katikati ya kila kipande, kata tena ikitoka. Kisha iache saa mbili usiiguse. Najua ni muda wa kufuturu na watoto wamezunguka meza. Ioke mapema.

"Semolina ni semolina." Mwanafunzi mwingine aliniletea unga wa mahindi ya manjano kwa sababu rangi zilifanana. Hapo tulianza upya. Lakini hata kwenye semolina yenyewe, suji laini kama vumbi hukupa kitu kizito kisichofikichika. Tafuta ya chenga kubwa, uisugue kati ya vidole uisikie inakwaruza. Ukipata laini tu, changanya nusu kwa nusu na ya chenga.

Na nazi? Si lazima. Wamisri wengi hutia nazi kavu, nami naipenda. Ninayoikataa ni nazi mbichi iliyokunwa sasa hivi, kwani maji yake huvuruga kipimo chote na basbusa inachacha upesi kwenye joto letu. Ikaange kavu kwanza, au uiache.

Kuna na hili la jina, ambalo halinikeri ila linachanganya watu. Iskandaria na nchi za Sham utaisikia ikiitwa harisa, na Lebanoni pia namura. Ukimwambia mtu wa kwetu "harisa" anawaza harisi, yaani bokoboko la ngano na nyama. Mtunisia yeye anawaza pilipili iliyopondwa. Zote tatu zimetoka kwenye neno moja la Kiarabu, harasa, kuponda. Kwa hiyo ukifuata maelezo ya Kiarabu, tazama kwanza kilichomo kabla hujatoka kwenda dukani.

La mwisho ni friji. Mtu ananunua kwangu asubuhi, anaitia ndani ya friji mpaka Magharibi, kisha ananipigia kwamba nimempa ngumu. Samli ikipoa huganda, na ndani ya basbusa imo ya kutosha kuifanya iwe kama tofali. Ifunike uiache mezani, inakaa siku mbili hadi tatu bila wasiwasi. Yenye malai tu ndiyo ya friji, na hiyo itoe nusu saa kabla ya kula. Ya kawaida iliyoganda, irudishe kwenye joto dogo dakika tano, imefunikwa, samli itayeyuka na utaipata kama ilivyotoka.